Wati si Besi: Kweli na Uongo Kuhusu Spika za Sabufa za Kujitengenezea

Maseremala wa Nakuru wanajua kupiga boksi. Plaiwudi ya milimita 18 inakatwa sawasawa, gundi inashika, kona zinakazwa kwa mbao ndani, na rangi nyeusi ikishakauka hulitofautishi na boksi la dukani. Shida iko kwenye spika inayofungwa humo. Vijana wanaokodisha mitambo ya muziki kwa ruracio, yaani sherehe za mahari, na harusi katika nyua pana za mtaa wa Milimani, na makanisa yanayojijengea mitambo yao polepole, hutumia akiba ya miezi kununua spika kwa kufuata maneno ya muuzaji au ya rafiki. Mengi ya maneno hayo hayasimami, na inauma kuona pesa iliyopatikana kwa jasho ikiishia kwenye koili iliyoungua.

“Spika yenye wati nyingi ndiyo yenye besi nyingi.”

Uongo, na ndio unaokula pesa kuliko mwingine wowote. Wati zilizoandikwa nyuma ya sumaku zinaeleza joto ambalo koili inaweza kulivumilia. Hata spika nzuri ya jukwaani hugeuza kiasi cha asilimia 3 tu ya umeme kuwa sauti. Kinachobaki ni joto. Halafu kuna ujanja wa tarakimu. Spika hiyohiyo inaweza kuandikwa wati 500 za mfululizo, 1,000 za muziki, au 2,000 za kilele, na yule anayetaka kuuza ataandika ile kubwa. Uliza wati za mfululizo. Asipojua, usinunue.

Besi ni hewa inayosukumwa. Chukua eneo la koni, lizidishe kwa umbali ambao koni inaweza kusogea mbele kabla koili haijatoka kwenye nguvu ya sumaku, umbali ambao karatasi ya vipimo huuita Xmax. Jibu lake ndilo uwezo wa besi wa spika hiyo. Na kadiri noti inavyoshuka ndivyo mzigo unavyoongezeka kwa kasi: ili sauti ibaki na ukubwa uleule kutoka hezi 80 hadi hezi 40, koni lazima isogee mara 4 zaidi. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne uko kwenye hezi 41. Hapo ndipo spika ya wati 2,000 za karatasi, yenye koni inayosogea milimita 4 tu, huanza kukohoa.

“Inchi 18 inaishinda inchi 15 siku zote.”

Si siku zote. Koni ya inchi 18 ina eneo la takriban sentimita za mraba 1,200, na ya inchi 15 takriban 860. Ikiwa ile kubwa inasogea milimita 5, inasukuma sentimita za ujazo 600. Ile ndogo ikisogea milimita 10, inasukuma 860. Kwa hiyo inchi 15 iliyotengenezwa vizuri itaiacha nyuma inchi 18 ya bei ya chini, na boksi lake litaingia kwenye buti ya gari dogo. Ni kweli kwamba zikiwa na Xmax sawa, kubwa inashinda. Lakini ukiingia Luthuli Avenue jijini Nairobi na kuuliza inchi peke yake, umejifunga macho.

“Spika ya matatu inapasua kifua, kwa hiyo itafaa uwanjani.”

Uongo. Ndani ya gari, hewa imefungiwa mahali padogo, na noti za chini sana hupata msaada mkubwa kutoka kwa chumba chenyewe. Waundaji wa spika za gari wanalijua hilo, ndiyo maana huipa koni uzito mkubwa ili ishuke chini ndani ya boksi dogo. Gharama yake ni wepesi wa kuitikia umeme: spika nyingi za gari hutoa desibeli 87 hivi kwa wati moja ukipima mita moja mbele yake, ilhali ya jukwaani hutoa 95 hadi 97. Tofauti ya desibeli 10 ni nguvu mara 10. Anayetaka spika ya gari ilingane na ya jukwaani inayolishwa wati 500 atahitaji wati 5,000, na koili yake itaungua kabla bibi harusi hajafika.

“Angalia sumaku: nzito ndiyo nzuri.”

Hapana. Sumaku za neodimiamu ni ndogo na nyepesi, na zina nguvu kuliko gurudumu zito la feraiti. Hata kwenye feraiti kwenyewe, kinachohesabika ni nguvu inayofika kwenye mwanya ambamo koili inapita, na mizani haiwezi kukuonyesha hiyo.

“Spika ya omu 8 ikisoma 6 kwenye mita ni bandia.”

Uongo, na nasikitika kwamba watu wamerudisha spika halali kwa ajili yake. Mita ya fundi hupima ukinzani wa waya peke yake bila muziki, na kwa spika ya omu 8 kipimo cha kati ya 5 na 6.5 ni cha kawaida kabisa. Ikisoma sifuri au isiposoma chochote, hapo ndipo uirudishe. Kabla ya kulipa, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, ukigawa nguvu sawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili imekaa vibaya.

“Spika nzuri inafaa boksi lolote.”

Uongo mkubwa. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alionyesha jinsi ya kukokotoa boksi lenye tundu kutokana na tabia za spika yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney aliikamilisha kazi hiyo, na vipimo vyao ndivyo kila kiwanda makini huchapisha leo. Vitatu vinatosha kuanza: Fs, yaani mtetemo wa asili wa koni, Vas, ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa viungo vinavyoishikilia koni, na Qts, inayosema koni hutulia upesi kiasi gani mdundo unapokoma. Kwa boksi lenye tundu, tafuta Qts ya kati ya 0.3 na 0.4. Ikivuka 0.5, besi itavuma na kubaki inaning'inia hata baada ya ngoma kunyamaza.

Ukiwa na namba hizo, programu ya bure kama WinISD itakuonyesha boksi lako litafanya nini kabla hujakata ubao hata mmoja. Itakuonyesha pia jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: chini ya mtetemo wa tundu, hewa ya boksi haiishikilii koni tena, na koni hurukaruka bila kutoa sauti ya maana. Weka kichujio cha kukata noti hizo. Spika nyingi zinazosemwa kwamba “zimepigwa na amplifaya” ziliuawa na kukosekana kwa kichujio hicho.

Hapa niseme pia kuhusu spika iliyobadilishiwa koni. Fundi akitumia vifaa halisi vya modeli ileile, inarudi kama mwanzo. Akitumia koni na koili zozote zilizopo, Fs na Qts zimebadilika, na karatasi ya kiwanda haihusu tena spika hiyo. Ipime upya: kompyuta, kipingamizi cha omu 100 na programu ya bure ya REW vinatosha.

“Mtambo uliotikisa Mombasa utatikisa Nakuru vilevile.”

Hili wachache hulifikiria. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na Milimani imepanda zaidi kidogo kuelekea kreta ya Menengai. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Koni ikisogea umbali uleule inasukuma hewa hafifu zaidi, na sauti inapungua kwa desibeli kati ya 1.5 na 2. Kuifidia kunataka karibu nusu tena ya nguvu ya amplifaya, huku hewa hiyo nyepesi ikiipoza koili kwa kiasi pungufu. Vas nayo hupungua kwa karibu asilimia 20. Mtetemo wa tundu haubadiliki, kwa hiyo mchoro wa boksi unaweza kubaki. Ila kwenye Xmax nunua akiba. Ikiwa hesabu zinasema milimita 7, tafuta 9.

“Amplifaya ndogo huunguza spika.”

Kweli kwa sehemu. Ikikabwa hadi mawimbi yakatike vichwa, amplifaya ya wati 500 inaweza kutoa hadi karibu 1,000. Spika ya wati 1,000 za mfululizo itavumilia. Ya 400 haitavumilia.

“Unaweza kuchanganya spika yoyote na nyingine, mradi ziwe sabufa.”

Uongo. Spika mbili zinazofanana, bega kwa bega, kila moja ikipata nguvu ileile, huongeza desibeli 6. Ukizidisha nguvu maradufu kwenye spika moja unapata 3 tu, tena na joto juu yake. Lakini zisipofanana, moja huchelewa nyuma ya nyingine kwenye noti kadhaa, na sehemu ya besi uliyoilipia hufutana hewani.

Kufanana huko kuna faida nyingine kwa anayefanya kazi Milimani. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya makazi mchana na 35 kuanzia saa 2 usiku. Kipimo kinachotumika hufuata sikio la binadamu na hupunguza besi sana: sauti ya hezi 50 yenye desibeli 80 husomeka kama 50. Mita inaweza kusema uko salama huku madirisha ya jirani yakitetemeka. Dawa yake ni sabufa tatu, mbili zikitazama wageni na moja ikitazama nyuma, hiyo ya tatu ikigeuzwa chanya na hasi na kucheleweshwa kwa milisekunde chache, hadi besi ya nyuma ijifute yenyewe. Inafanya kazi vizuri sana, kwa sharti kwamba spika zote tatu ni za modeli moja ndani ya maboksi ya ujazo mmoja. Ukipata modeli inayokufaa, nunua nne kwa mara moja, ya nne ikae akiba.