Pikipiki za Kale Zilizobadilishwa (Sehemu ya Tatu): Fremu ya Norton, Injini ya Triumph

Mwezi Novemba 2025, katika maonyesho ya pikipiki mjini Milano, Italia, kampuni ya Norton ilizindua pikipiki mpya nne, na mbili kati ya hizo zimepewa jina la Manx. Wasomaji waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanalijua jina hilo, la pikipiki ya kale ya mbio ya Norton, na uzito wake. Kilichowafurahisha wengi, na kuwaudhi baadhi, ni mwenye mali. Tangu Aprili 2020 Norton ni ya TVS ya India, iliyoinunua kwa pauni milioni 16 ilipokuwa imefilisika. Ni TVS hiyohiyo ambayo pikipiki zake zinabeba abiria Mbagala, Kisumu na Kampala.

Habari hiyo imefufua mabishano ya siku nyingi miongoni mwa wapenzi wa pikipiki za kale: ipi halisi, ipi si halisi? Wapo wanaoshikilia kwamba pikipiki ya kale ibaki kama ilivyotoka kiwandani, hadi rangi ya bolti zake. Wapo wanaosema mwenye chombo ana haki ya kukikata na kukiunga apendavyo. Nimeyafuatilia mabishano haya tangu ujana wangu, na naamini pande zote mbili zimeisahau historia. Leo nitaieleza kwa pikipiki moja tu, Triton, yenye fremu ya Norton na injini ya Triumph, maana sijui nyingine yenye mafunzo mengi kama hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Norton walikuwa na shida. Injini yao ya Manx, ya silinda moja, ilikuwa imeanza kuzeeka, na Gilera wa Italia walikwisha kuingia uwanjani na silinda nne. Nguvu za kushindana nao hazikuwapo. Lililobaki lilikuwa kutafuta fremu itakayomwezesha dereva kuingia kwenye kona kwa kasi ambayo Mwitaliano hathubutu. Fremu hiyo haikuchorwa na wahandisi wa kiwanda pale Birmingham. Ilitoka Belfast, kwa Rex McCandless, fundi aliyejifunza kazi kwa mikono yake. Alianza kwa kuchezea pikipiki yake mwenyewe ya Triumph. Baadaye, pamoja na ndugu yake Cromie, akawa anawabadilishia watu pikipiki zenye nyuma ngumu, akizifunga mkono unaocheza na shokapu mbili ili gurudumu lifuate barabara badala ya kuruka.

Fremu aliyowapelekea Norton ni mizunguko miwili ya bomba, mmoja kila upande, inayopita chini ya injini, inapanda nyuma, kisha inarudi mbele chini ya tangi na kupishana pale shingo ya usukani inapokaa. Haina ujanja wa kujificha: ukiitazama unaona mzigo unapopita kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Mkimbizaji Harold Daniell alipoijaribu alisema ni kama kulala kwenye godoro la manyoya, na jina la Featherbed likabaki. Mwaka 1950, kwenye mashindano ya Isle of Man, Norton walishika nafasi zote tatu za kwanza katika mbio za Senior, Geoff Duke akiongoza. Mwaka huohuo Duke alikosa ubingwa wa dunia wa 500 kwa pointi moja tu. Mwaka 1951 aliuchukua, pamoja na ule wa 350.

Somo la kwanza liko hapo. Fremu ambayo watetezi wa uhalisi wanaiheshimu kuliko zote ilizaliwa na fundi wa nje aliyezoea kubadilisha pikipiki za viwanda vya wengine. Asingekuwapo mbadilishaji, hicho wanachokiita halisi kisingekuwapo.

Sasa tuje kwenye Triton yenyewe. Miaka hiyo Uingereza ilikuwa na mbio za magari madogo ya daraja la tatu, yenye injini za sentimita za ujazo 500, na injini iliyotafutwa kuliko zote ilikuwa ya Manx. Norton hawakutaka kuiuza injini peke yake, kwa hiyo wenye magari walinunua pikipiki nzima, wakang'oa injini, na fremu bora kabisa za zama zile zikabaki zimeegemezwa ukutani.

Upande wa pili walikuwapo Triumph. Tangu 1937 Edward Turner alikuwa amewapa injini ya silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, nyepesi na rahisi kufungua. Ilikua hadi sentimita za ujazo 650, na kuanzia toleo la 1959 ikaja Bonneville yenye kabureta mbili. Injini hiyo ilikuwa na kasi, vipuri vilipatikana kila duka, na kijana wa mshahara wa kawaida aliimudu. Udhaifu wake ulikuwa fremu ya Triumph, iliyoyumba kwenye kona za kasi. Mafundi wakaona lililo wazi: fremu ya mmoja, injini ya mwingine.

Kusema ni rahisi, lakini kazi yenyewe inahitaji hesabu. Kabla ya 1963 injini ya Triumph ya 650 na giaboksi yake vilikuwa vitu viwili tofauti, kwa hiyo fundi alilazimika kukata sahani za alumini za kuvishikilia vyote ndani ya fremu ya Norton. Sahani hizo ndizo zinazoamua injini ikae mbele kiasi gani, na uzito ulioko mbele ndio unaofanya gurudumu la mbele lishike barabara. Zinaamua pia kama cheni itakwenda sawa. Cheni ikipinda kidogo tu, inakula meno ya sproketi, inalegea, na siku moja inakatika ukiwa kwenye kasi. Dave Degens wa London alizipima sahani zake vizuri kiasi kwamba mwaka 1965, akiwa na Rex Butcher, alishinda mbio za saa 24 za Barcelona kwa Triton aliyoitengeneza mwenyewe chini ya jina la Dresda. Pikipiki ya kuungaunga ilikesha na kushinda mchana na usiku, mbele ya zilizotoka viwandani zikiwa na baraka zote.

Katika sehemu iliyopita, tulipozungumzia pikipiki za Marekani ziitwazo chopa, tuliwataja Cliff Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani weusi waliotengeneza pikipiki za filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969, na majina yao hayakuandikwa kwenye filamu hiyo. Degens alitajwa, wao hawakutajwa. Nalirudia kwa sababu historia ya ufundi imejaa dhuluma ya aina hii, na msomaji mwadilifu hana budi kuwataja mafundi kila anapovisifu vyombo vyao.

Si kwamba vijana wa Triton walikuwa malaika. Walikusanyika Ace Café, kando ya barabara ya North Circular jijini London, wakashindana kufika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160, kwenye barabara za umma. Wengi walizikwa wangali vijana. Padri Bill Shergold wa Kanisa la Anglikana, mwendesha pikipiki yeye mwenyewe, aliwafuata hukohuko na mwaka 1962 akawafungulia milango ya klabu ya 59. Huyo alielewa kwamba kijana hafundishwi kwa kufukuzwa.

Habari ya vifo inanirudisha nyuma kidogo, kwa George Brough wa Nottingham. Pikipiki zake za Brough Superior, miongoni mwa zilizokuwa ghali zaidi wakati wake, zilikuwa na injini na giaboksi za kununua kwa watengenezaji wengine. Yeye alichagua, akaunganisha, akanyoosha. T. E. Lawrence, yule wa vita vya Uarabuni, alikuwa mteja wake mkubwa, na Mei 1935 alianguka na Brough yake huko Dorset. Alifariki siku sita baadaye. Kati ya madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns hakuiacha kaburini habari ile. Alichunguza vifo vya matarishi wa jeshi waliotumia pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha hoja yake kwamba kofia ngumu inaokoa maisha. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha matarishi wake kuivaa. Sheria kwa raia wote wa nchi hiyo ilikuja mwaka 1973. Ndiyo kusema elimu ilikwisha kuwapo, na watu wakaendelea kufa kwa miaka 32 wakisubiri sheria. Sisi tunayo elimu na sheria pia, na bado abiria wanapanda vichwa wazi. Hilo ni jambo la aibu.

Sasa nirudi kwenye fremu, maana ndiko ujumbe wangu uliko. Mabomba ya Manx yalikuwa ya chuma cha Reynolds 531, membamba na imara, na yaliungwa kwa shaba ya njano ya kuyeyusha kwa gesi. Shaba hiyo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 900 hivi, wakati chuma chenyewe kinahitaji karibu 1,500. Bomba haliyeyuki kabisa. Shaba inatambaa kuzunguka kiungo na kukaa kama ukosi laini unaogawa mzigo. Ken Sprayson, fundi wa Reynolds aliyezijenga fremu hizo, alikwenda Isle of Man mwaka hadi mwaka akiwachomelea wakimbizaji fremu zilizopasuka, bila malipo.

Linganisha na gereji ya bodaboda jioni yoyote. Fundi anashika kishikio cha umeme, anagusisha chuma, cheche zinaruka, na keria ya kubebea magunia imenata kwenye fremu. Pembeni ya kiungo pamebaki mfereji mdogo ambapo umeme umekula unene wa bomba. Rangi nyeusi inapakwa juu na mfereji hauonekani tena. Hapo ndipo fremu itakapopasukia, na haitachagua siku ambayo pikipiki haina abiria.

Je, basi, Manx mpya ya TVS ni halisi? Ina injini ya silinda nne za umbo la V, haina hata bolti moja ya McCandless. Mimi sioni ubaya. Jina limepata mwenye fedha na kiwanda, na pikipiki yenyewe itahukumiwa barabarani kama zilivyohukumiwa zote.

Kuhusu zile za kale, msimamo wangu ni huu. Badilisha kinachoweza kurudishwa: injini, usukani, kiti, tangi, sahani. Ulichokitoa kihifadhi, na namba zake ziandike. Fremu ya kale usiikate, kwa sababu ikikatwa haiwezi kurudishwa ilivyokuwa, na waliounda Triton hawakuhitaji kuikata. Na wewe unayeongoza chuo cha ufundi hapa kwetu, usimpe mwanafunzi cheti cha uchomeleaji kabla hajapasua viungo vyake mwenyewe kwa msumeno na kuona ndani kama vimeshika. Barabara zetu zina pikipiki nyingi mno za kuachia kazi hiyo kwa kubahatisha.