Usukani na Breki za Baiskeli ya Mashindano kwa Mwenye Umbo Dogo



Tangu tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, jirani zetu wa Rwanda waliandaa mjini Kigali mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Tarehe 27 wanawake walishindana mwendo wa kilomita 164.6 katika vilima vya mji ule, na ushindi ukachukuliwa na Magdeleine Vallieres wa Kanada. Kwa kuwa mambo hayo yalitendeka mlangoni petu, si ajabu binti au kijana wa nyumbani akamwambia baba yake kwamba naye ataka baiskeli ya mashindano, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo.

Ombi hilo ni jema, kwani mchezo wa baiskeli hujenga mwili na kufundisha uvumilivu. Lakini mara nyingi baiskeli ipatikanayo ni kuukuu iliyotoka ng'ambo, nayo ilitengenezwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu. Mzazi hutazama bei, rangi na magurudumu. Kisha hushusha kiti mpaka miguu ya mtoto ikafika kwenye pedali, akadhani kazi imekwisha. Kumbe hiyo ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki iko mikononi: je, mikono yaufikia usukani bila kujinyoosha kupita kiasi, na vidole vyazifikia breki wakati wa mteremko? Breki isiyofikiwa na vidole haina tofauti na breki iliyokatika waya.

FREMU NDIYO MWANZO

Hakuna usukani uwezao kuponya fremu iliyo kubwa mno. Kabla ya kulipa fedha, mwendeshaji na asimame akiwa amelipitisha bomba la juu katikati ya miguu yake, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga chini. Bomba likimgusa na kumbana, baiskeli hiyo si yake, hata ingekuwa ya bei nafuu namna gani. Bomba lisipomgusa, ndipo tunapoweza kuutazama usukani.

UPANA WA USUKANI

Chukua futi ya fundi cherehani. Papasa juu ya mabega ya mwendeshaji mpaka uvipate vifupa viwili, kila kimoja mahali bega linapoishia na mkono kuanza. Pima toka kifupa hadi kifupa. Kipimo hicho ndicho mwongozo wa upana wa usukani. Kwa mfano, msichana mwenye sentimita 37 atafaa kupewa usukani wa sentimita 36 au 38. Baiskeli za wanaume warefu aghalabu huja na usukani wa sentimita 42 au 44. Akiushika huo, mikono yake hutawanyika, mabega na shingo humchosha, na breki humwendea mbali zaidi.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Viwanda vingine hupima upana toka katikati ya bomba la upande mmoja hadi katikati ya bomba la upande wa pili, na vingine hupima toka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Tofauti yake hupita sentimita 2. Kwa hiyo usitegemee namba iliyoandikwa tu, pima mwenyewe.

Tena, kwa kijana anayetaka kushindana rasmi, iko sheria mpya. Chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, kiitwacho UCI, kimeamuru kwamba tangu tarehe 1 Januari 2026, katika mbio za barabarani ambazo washindani huanza pamoja, usukani usipungue milimita 400 toka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Nia yake ni usalama, kwani baadhi ya washindani walikuwa wakitumia sukani nyembamba mno ili kuukwepa upepo. Hata hivyo, waendeshaji wenye maumbo madogo, hasa wanawake, walinung'unika, kwa kuwa kwao usukani mwembamba si hila ya kupata mbio bali ni kipimo cha miili yao. Mzazi na ajue kwamba usukani wa sentimita 38 uliopimwa katikati ya mabomba hufikia takriban sentimita 40 kwa nje, lakini ule wa 36 hautoshi kwa mbio hizo. Kwa mazoezi na safari za kawaida, sheria hiyo haimhusu mtu.

UMBALI WA MBELE NA KINA CHA PEMBE

Upana si kipimo pekee. Usukani huu hutokeza mbele, kisha hupinda na kushuka chini. Kwa mtu mdogo hufaa usukani unaotokeza mbele milimita 70 hadi 80 tu, na kushuka chini milimita 115 hadi 125. Sukani za zamani zilishuka hata kupita milimita 140, nazo humlazimu mtu mfupi kujikunja kama mwenye kutafuta sindano iliyoanguka.

Ikiwa bado mikono imenyooka mno, fundi aweza kubadili shingo ya usukani kwa nyingine iliyo fupi kwa sentimita 1 au 2. Lakini shingo ikifupishwa kupita kiasi, baiskeli huwa nyepesi mno kugeuka, nayo humyumbisha asiyezoea. Vilevile hakikisha kwamba unene wa usukani mahali unapobanwa walingana na shingo. Sukani nyingi za siku hizi zina milimita 31.8, na nyingi za zamani zina milimita 26 au pungufu kidogo. Fundi akikuambia ataviringisha kipande cha bati ili kuziba nafasi, mkatalie. Usukani ukichomoka mteremkoni hakuna la kufanya.

BREKI NA VIDOLE VIFUPI

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kishikio cha breki kimeshikizwa kwa juu, na nguvu yake iko kwenye ncha ya chini, mbali na pale kiliposhikizwa. Mwendeshaji akiweka mikono juu ya vile vichwa vya raba, vidole vyake huvuta karibu na shina, na breki huwa dhaifu. Akishika pembe za chini, vidole huifikia ncha, na breki hushika barabara. Ndiyo maana washindani wazoefu hushuka vilima wakiwa wameshika chini. Lakini mtoto ambaye vidole vyake haviifikii ncha hiyo huogopa kushika chini, akashuka kilima akiwa ameshika juu, mahali ambapo nguvu za mkono wake mdogo hazitoshi. Hapo ndipo ajali hutokea.

Dawa zake ni tatu. Kwanza, vishikio vingi vya siku hizi vina skrubu ndogo iliyofichwa, mara nyingi chini ya raba au upande wa mbele, ambayo ikizungushwa huvuta kishikio karibu na usukani. Pili, vipo vishikio visivyo na skrubu hiyo ambavyo huwekewa kipande kidogo cha plastiki au raba kwa ndani ili visirudi mbali. Tatu, fundi aweza kulegeza kishikio na kukisogeza kidogo kwenye mpindo wa usukani mpaka ncha yake iwe karibu na vidole.

Kishikio kikisha kusogezwa karibu, nafasi yake ya kuvutika hupungua. Kwa sababu hiyo lazima breki irekebishwe upya. Vuta kwa nguvu zako zote: raba za breki zapaswa kulibana gurudumu kabla kishikio hakijaugusa usukani, na nafasi ya kidole ibaki wazi. Ikiwa kishikio chagonga usukani, kaza waya au ubadili raba zilizokwisha. Kwa breki za mafuta, kazi hiyo mwachie fundi anayezijua.

Ziko pia breki za nyongeza ambazo hukaa juu, karibu na katikati ya usukani. Zile za zamani, zilizoungwa kwenye kishikio kikubwa na kuenea sana katika miaka ya 1970, hupinda na kula nafasi ya kishikio. Ni heri ziondolewe. Zile mpya, ambazo hufungwa katikati ya njia ya waya, hufanya kazi vyema na zamfaa mwanafunzi.

MKONO UPI NI WA BREKI YA MBELE?

Wakati wa kusimama, uzito wa mtu huelekea mbele, hivyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Baiskeli zilizofuata desturi ya Kiingereza huwa na breki ya mbele katika mkono wa kulia. Zile za Ufaransa na Marekani huiweka kushoto. Baiskeli kuukuu yaweza kuja na mojawapo ya desturi hizo. Mtoto aliyezoea upande mmoja akipewa baiskeli ya upande wa pili, siku ya hatari atabana breki asiyoikusudia, naye aweza kurushwa mbele. Inafaa baiskeli zote za nyumba moja ziwe za namna moja.

JARIBIO LA UWANJANI

Baada ya kazi yote hiyo, mshike mwendeshaji akiwa amekaa juu ya kiti, mikono yake ikiwa chini kwenye pembe. Viwiko vya mikono visinyooke kabisa. Mabega yasipande masikioni. Na vidole viwili vya kila mkono vizunguke kishikio kwa kiungo cha kwanza bila kiganja kuuachia usukani. Kisha aende polepole uwanjani na kusimama mara nyingi, halafu kwenye mteremko mdogo, ndipo barabarani. Akilalamika ganzi ya viganja au maumivu ya shingo, msimwite mvivu, pimeni upya.

Mwisho, kagueni skrubu zote za shingo ya usukani, zikazwe kwa usawa na kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Zibeni ncha mbili za usukani kwa vizibo, maana bomba lililo wazi laweza kumjeruhi tumboni mtu aangukaye.

Familia za askari zaelewa jambo hili kuliko wengi. Hakuna kamanda mwema ampelekaye kijana wake matembezi marefu akiwa amevaa viatu vya mwenzake, kisha akamlaumu kwa kuchechemea. Vivyo hivyo, kabla ya kumwambia binti yako kwamba ni mwoga wa miteremko, yatazame kwanza yale mapengo kati ya vidole vyake na breki.