Nani Anashika Mizani ya Intaneti?

Muuza nyama buchani hupima mbele ya macho yako. Ukitilia shaka mizani yake unahamia bucha la pili. Pampu ya petroli ina tarakimu zinazosomeka na stika ya Wakala wa Vipimo. Lakini intaneti ya ofisi, bidhaa ambayo kampuni nyingi hapa kwetu zinailipia kila mwezi kama kodi ya pango, inanunuliwa gizani. Muuzaji ndiye mwenye bidhaa, ndiye mwenye mizani, na mwezi ukiisha ndiye anayeleta ankara akisema amepima sawasawa.

Chukua mkataba wowote wa laini ya kampuni utafute kifungu cha upatikanaji wa huduma. Mara nyingi utakuta asilimia 99 na pointi fulani, na meneja husaini akiamini kwamba huo ndio uhakika wenyewe. Kwa mwezi wa siku 30, asilimia 99.9 inamruhusu muuzaji kukatika dakika 43 bila kudaiwa kitu. Asilimia 99.5 inampa saa 3 na dakika 36. Asilimia 99 kamili inampa saa 7 na dakika 12, yaani karibu siku nzima ya kazi, na hakuna kinachomzuia asizitumie zote Jumatatu moja. Wakala wa forodha wa Dar es Salaam au Mombasa anajua maana yake: tamko la mzigo haliingii kwenye mfumo, kontena halitoki, na gharama za kuhifadhi bandarini zinaendelea kuhesabiwa. Akipiga simu kulalamika anaulizwa, kwa upole kabisa, laini ilikatika saa ngapi hadi saa ngapi. Hapo ndipo wengi hunyamaza, kwa sababu hawakuandika popote.

Kuna soko zima la programu za kuandika majibu ya swali hilo, na kiini cha kazi yake ni chepesi kuliko watu wanavyodhani. Desemba 1983 Mmarekani Mike Muuss, aliyekuwa katika maabara ya utafiti ya jeshi la nchi kavu, aliandika programu ndogo akaiita ping, kwa mlio wa mitambo ya nyambizi inayosikiliza mwangwi chini ya maji. Inatuma pakiti, inasubiri mwangwi, inahesabu milisekunde zilizopita. Mwangwi usiporudi, pakiti imepotea. Miaka zaidi ya 40 baadaye, fundi anayepanda juu ya paa Buguruni kurekebisha antena bado anaanzia hapo hapo.

Hatua ya pili ilikuja kwa sababu ya umaskini wa kasi. Mwaka 1994 Mswisi Tobias Oetiker alikuwa kwenye Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza, mahali ambapo watu wote waligawana laini moja ya kilobiti 64 kwa sekunde. Alitaka kila mtu aone jinsi ilivyojaa. Ruta ina kaunta ndani yake, sawa na mita ya maji: haijui umetumia saa ngapi, imehesabu tu kilichopita. Programu yake, MRTG, ilikwenda kusoma kaunta hiyo kila baada ya dakika 5, ikatoa hesabu ya awali, ikagawanya kwa sekunde 300, ikachora mstari. Ile grafu ya kijani na bluu iliyotundikwa kwenye skrini za vyumba vya mafundi duniani kote ni mjukuu wa mstari huo.

Leo anayetaka grafu ana wauzaji wengi wa kuchagua. Paessler ya Nuremberg, Ujerumani, inauza PRTG kwa idadi ya vitu vinavyopimwa, na 100 vya kwanza hutolewa bure, chambo ambacho kimewanasa mafundi wengi wa ofisi ndogo. SolarWinds ya Marekani inalenga benki, wizara na mashirika makubwa; mwaka 2025 ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Turn/River kwa dola bilioni 4.4. Ukitaka kuipima thamani ya biashara hii ya kutazama mistari, anzia kwenye bei hiyo. Upande wa pili zipo zisizo na bei kabisa: Nagios Core, LibreNMS, na Zabbix, ambayo Alexei Vladishev alianza kuiandika akiwa msimamizi wa mifumo katika benki mjini Riga, Latvia, akaitoa kwa umma mwaka 2001. Kampuni yake hailipishi programu. Inauza mafunzo, vyeti na msaada wa kitaalamu.

Hiyo Riga inastahili neno. Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni mbili, ndiyo iliyoupa ulimwengu Zabbix na pia MikroTik, ruta ambazo utazikuta kwenye maboksi ya chuma juu ya nguzo katika mitaa ya Nairobi, Mwanza na Kampala. Vijana wanaouza WiFi ya vocha mtaani, wanaonunua laini moja ya faiba na kuigawa kwa nyumba mia, wamejenga biashara zao juu ya vifaa vya Riga. Wengi hutumia The Dude, programu ya bure ya MikroTik inayochora ramani ya mtandao na kugeuza kisanduku kuwa chekundu kifaa kikizima. Mteja akipiga simu kwamba neti imekata, kijana anaangalia ramani kwanza. Kisanduku kikiwa kijani anamwambia mteja azime ruta na kuiwasha. Kikiwa chekundu, anavaa viatu.

Biashara ya vijana hawa inategemea hesabu moja ambayo wateja wao hawaijui. Mitandao huuziana kasi kwa jumla, na katika soko hilo malipo mara nyingi hufuata kipimo cha asilimia 95. Matumizi husomwa kila dakika 5, mwezi mzima, na kwa siku 30 unapata masomo 8,640. Yanapangwa kutoka kubwa hadi dogo, asilimia 5 ya juu inatupwa, yaani masomo 432, na lile linalobaki juu ndilo linaloandikwa kwenye ankara. Masomo 432 ni saa 36. Maana yake ni kwamba mnunuzi anaweza kujaza laini kupita kiasi kwa saa 35 za mwezi bila kulipa senti ya ziada, lakini msongamano ukivuka saa 36 bei ya mwezi wote inapanda. Mechi chache kubwa za usiku, sasisho moja la simu linaloshushwa na mtaa mzima kwa wakati mmoja, na umeshavuka. Mwenye grafu yake huona tarehe 20 kwamba amebakiwa na saa tano, akapunguza kasi ya vifurushi vya usiku. Asiye nayo husubiri ankara.

Wastani wa dakika 5, hata hivyo, unajua kuficha mambo. Laini ikijaa hadi pomoni kwa sekunde 20 na kulegea muda uliobaki, grafu itaonyesha utulivu, huku simu ya mteja iliyopita kwenye intaneti ikiwa imekatika katikati ya sentensi. Ndiyo maana mafundi wazuri hawatazami kiasi cha matumizi tu. Hutazama pia ucheleweshaji na pakiti zinazopotea. Huyo huyo Oetiker aliandika SmokePing kwa kazi hiyo, na grafu zake zina wingu la moshi kuzunguka mstari: moshi ukinenepa, ujue mwangwi unarudi kwa kusuasua hata kama laini haijakatika.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa mtihani wa yote haya. Mikonga miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini. SEACOM ilikuwa tayari imejeruhiwa Februari mwaka ule katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia ya kaskazini haikuweza kuibeba. Kenya ilibaki na pumzi kupitia mikonga mingine, ukiwamo TEAMS unaotoka Mombasa hadi Fujairah. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifungia umma milango siku mbili kwa sababu ya mtandao.

Jambo lililonishangaza siku zile ni jinsi skrini nyingi za ofisi zilivyobaki kijani. Programu ilikuwepo, imelipiwa, inafanya kazi, lakini ilikuwa imeelekezwa kupima ruta ya mtoa huduma iliyo mtaa wa pili. Ruta hiyo ilikuwa salama kabisa. Mwangwi ulirudi kwa milisekunde chache, na ripoti ya mwezi ingesema asilimia 100. Tatizo lilikuwa maelfu ya kilomita mbele yake. Hata ukipima tovuti kubwa za dunia unaweza kudanganyika, kwa sababu nyingi huweka nakala za maudhui yao hapa hapa kwenye kanda ili yafike haraka. Kipimo cha maana huwekwa kwenye vituo kadhaa njiani: ruta ya mtoa huduma, kituo cha kubadilishana mawasiliano cha ndani kama TIX ya Dar es Salaam au KIXP ya Nairobi, seva fulani Ulaya, na mwisho ile huduma yenyewe inayokupa riziki, iwe mfumo wa forodha, benki au kodi. Ukiona viwili vya kwanza vinajibu na viwili vya mwisho vimekufa, unajua wa kumpigia simu, na unajua wa kutomlaumu.

Upimaji wa nje ya ofisi umekuwa tasnia yake. NetBlocks ya London, Cloudflare Radar, na mradi wa IODA wa chuo cha Georgia Tech hutazama nchi nzima kutoka mbali. RIPE NCC ya Amsterdam tangu mwaka 2010 inagawa vidude vidogo kwa watu wa kujitolea wavichomeke majumbani, na sasa viko zaidi ya 10,000 duniani vikipima mfululizo. Takwimu za wapimaji wa nje ndizo zilizoonyesha dunia Uganda ikizimika Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025. Mkonga ukikatika baharini, mstari kwa kawaida hushuka kwa ngazi na kuacha mabaki, maana kila mtoa huduma ana njia zake za pembeni. Amri ikitolewa, mstari unadondoka kama jiwe kisimani. Kwa mfanyabiashara tofauti hiyo si ya siasa tu, kwani bima na mikataba mingi hutenganisha ajali na amri.

Serikali nazo zina mizani. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, imekuwa na mfumo wa TTMS tangu 2013, unaohakiki trafiki ya simu kwa ajili ya mapato na kunasa simu za nje zinazoingizwa kwa ulaghai. Mteja wa kawaida haoni skrini hiyo.

Tusisahau kwamba mlinzi naye anaweza kuibiwa. Desemba 2020 ilibainika kwamba wadukuzi walipenyeza msimbo wao ndani ya masasisho ya Orion, programu ya SolarWinds, na wateja wapatao 18,000 wakayapokea kwa mikono miwili, zikiwamo idara za serikali ya Marekani. Walichagua mlango huo kwa akili: programu ya kupima ina funguo za kila ruta. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Oktoba, Facebook ilijifuta yenyewe kwenye ramani ya intaneti kwa kosa la mipangilio, na zana za ndani za kulitafuta kosa zikazimika pamoja nayo kwa sababu zilipita njia ile ile. Kwa ukubwa wa kwetu, kosa hilo hufanywa kila siku na ofisi inayoiamuru programu itume barua pepe laini ikikatika. Barua hiyo itapita wapi? Modemu ya laini ya simu yenye salio, inayotuma meseji, inatosha. Na kompyuta ya kupima ikae kwenye betri, la sivyo umeme ukikatika mpimaji anazimika wa kwanza, na baadaye hakuna anayeweza kusema kama kosa lilikuwa la faiba au la nguzo ya umeme. Nimeona pia ofisi iliyopokea arifa 200 kwa siku, kila printa ikizimwa. Baada ya wiki mbili fundi alizinyamazisha zote. Askari akipuliza filimbi kila paka anapokatiza, siku ya mwizi hakuna anayeamka.

Gharama basi iko wapi? Kompyuta ya zamani iliyotupwa stoo inatosha kuendesha LibreNMS kwa ofisi ya watu hamsini. Programu ni bure, fundi si bure. Anayejua kuisimika, kuielekeza panapostahili na kuisoma mwisho wa mwezi ndiye bidhaa adimu, na kampuni nyingi humlipa kama mtu wa kubadilisha wino wa printa.

Hata ukimpata, akakupa karatasi inayoonyesha laini ilikatika Jumanne saa 4:10 asubuhi hadi saa 7:35 mchana, usikimbilie kuipeleka. Fungua mkataba kwanza. Katika mikataba mingi kuna mstari, mara nyingi mwishoni, unaosema kwamba kwa hesabu ya fidia vitatumika vipimo vya mtoa huduma pekee, na kwamba matengenezo yaliyopangwa na hitilafu za mikonga ya kimataifa hazihesabiki. Meneja wa mauzo hatakutajia mstari huo, na wewe hukuuliza. Ila mikataba hii huisha baada ya mwaka mmoja au mitatu, na wauzaji wa faiba katika miji yetu sasa wanagombania wateja. Mnunuzi anayeingia kwenye mazungumzo ya kuhuisha mkataba na grafu za miezi 12 mkononi anaweza kudai maneno matatu yaongezwe baada ya "mtoa huduma": "au vya mteja".