FARASI TISINI WAPANDA KILIMA

Mtu anayesafiri kutoka Kayanga, akapita Omurushaka na kuelekea Nkwenda hata Murongo, hahitaji kuambiwa kuwa Karagwe na Kyerwa ni nchi ya vilima. Masikio yake yatamwambia. Msimu wa kahawa ukifika, pikapu zasikika toka mbali zikinguruma katika gia ya kwanza. Zimebeba magunia ya maganda ya kahawa, na juu ya magunia mikungu ya ndizi, na juu ya ndizi watu. Moshi mweusi wawafunika watoto watokao shule.

Ndipo mwenye gari hujiambia: "Injini yangu haina nguvu. Nitaiongezea." Na fedha ya kuiongezea mara nyingi ni ile ile ya kahawa, iliyotazamiwa kununua mabati, sare za watoto na mahitaji yao ya shule. Basi jambo hili si la mafundi peke yao. Ni la baba na mama wa nyumba. Tulitazame pamoja, polepole.

FARASI MMOJA NI KIASI GANI?

Nguvu ya injini hupimwa kwa farasi. Desturi hiyo yatoka kwa James Watt, fundi wa Uskoti wa karne ya 18, aliyetaka kuwaonyesha wanunuzi kazi ya mitambo yake ya mvuke kwa kuilinganisha na kazi ya farasi waliowazoea. Katika vipimo vya mita na kilo, nguvu ya farasi mmoja ni kuinua kilo 75 kwenda juu mita 1 kwa sekunde 1.

Tufanye hesabu. Pikapu tupu tuseme ina kilo 1,500, na mzigo ni kilo 1,000. Jumla kilo 2,500. Kilima chetu chainuka mita 100 toka bondeni hadi kileleni. Ukitaka kukipanda kwa dakika 2, wahitaji kama farasi 28. Ukitaka kwa dakika 1, wahitaji 56. Hao ni wa kuinua uzito tu. Wengine hupotea katika gia, matairi na upepo.

Sasa mwenye gari akiongeza mzigo ukawa tani mbili, naye bado ataka dakika 1, hesabu yafika farasi 78. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

HEWA YA MLIMANI

Injini ya Toyota Hilux iitwayo 3L, inayojulikana sana kwa mafundi wetu, ina ujazo wa sentimita 2,779 za ujazo, na nguvu yake ni karibu farasi 90. Lakini namba hiyo ni ya uwanda wa pwani. Sehemu kubwa ya vilima vyetu iko mita 1,500 juu ya bahari, na mingine yapita hapo. Huko juu hewa ni nyepesi. Katika mita 1,500 imepungua kama sehemu 14 katika 100. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, kwa hiyo nguvu yake nayo hupungua hivyo hivyo. Farasi 90 wa Dar es Salaam wakifika Karagwe wamebaki kama 77.

Wasomaji waliokumbuka ile namba 78 wamekwisha kuelewa. Yule mwenye tani mbili ametumia farasi wake wote, na bado mmoja hatoshi. Injini yake si mbovu. Amedai isichoweza kutoa.

Tena hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Mwenye gari huenda kwa fundi wa njiani na kusema, "Kijana wangu, nifungulie pampu." Fundi akazungusha skrubu, dizeli ikaingia nyingi zaidi. Lakini kilichopungua mlimani si dizeli, ni hewa! Dizeli isiyopata hewa haiungui sawasawa; yatoka nje kuwa ule moshi mweusi, na joto ndani ya injini lapanda. Siku za kwanza gari huonekana jepesi. Halafu silinda hedi yapasuka, au kichwa cha pistoni chayeyuka, na fedha ya kahawa imekwenda.

KUCHONGA SILINDA SI KUONGEZA NGUVU

Wengine husema, "Nimechonga silinda, sasa gari lina nguvu mara dufu." Hapana. Katika 3L tundu la silinda lina upana wa milimita 96. Ukilichonga kwa nusu milimita na kutia pistoni za kipimo hicho, ujazo wa injini waongezeka sentimita 29 tu katika 2,779, yaani kama sehemu moja katika mia. Haufikishi hata farasi mmoja kamili. Kuchonga ni dawa ya silinda iliyolika. Nguvu mtu anayoisikia baadaye ni ile ya zamani iliyomrudia, kama mgonjwa aliyepona malaria.

Kwa sababu hiyo fundi mwaminifu huanza kwa kupima. Hutazama kichujio cha hewa, maana vumbi letu jekundu hukiziba upesi. Hupima kompresheni, yaani jinsi kila pistoni inavyobana hewa. Husafisha nozeli, na kupima nafasi ya vali. Mara nyingi farasi waliopotea hupatikana hapo, kwa gharama ndogo.

NJIA ZA KWELI ZA KUPATA NGUVU

Ikiwa baada ya hayo bado yahitajika nguvu zaidi, ziko njia mbili za haki.

Ya kwanza ni kutia injini kubwa zaidi ya ukoo ule ule. Baada ya 3L Toyota walitoa 5L, yenye tundu la milimita 99.5 na ujazo wa 2,986. Lakini namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Ukibadilisha injini, kadi nayo irekebishwe kwa Mamlaka ya Mapato. Na injini ununuayo iwe na asili inayojulikana. Kununua kitu cha wizi ni kumsaidia mwizi.

Ya pili ni turbo. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya chombo hicho mwaka 1905, miaka minane tu tangu injini ya Rudolf Diesel ilipofanya kazi vizuri mwaka 1897. Moshi utokao hugeuza gurudumu dogo, nalo hugeuza pangaboi lisukumalo hewa kwa nguvu kuingia ndani. Hivyo turbo huirudishia injini pumzi ambayo mlima umeinyima. Lakini injini ambayo haikuundwa kwa turbo haivumilii sana. Yataka hewa isukumwe kwa kiasi, rejeta nzima, oili safi, gasketi bora, na boliti za silinda hedi zilizokazwa kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ikisha kuundwa upya, iendeshwe kwa upole kilometa 1,000 za kwanza, kisha oili ibadilishwe.

ANAYEPANDA ATASHUKA

Hata hivyo, swali kubwa bado. Nguvu mpya yakupandisha kilima, nani atakushusha? Gari likitoka mwendo wa kilometa 40 kwa saa kufika 60, kazi ya breki kulisimamisha huwa zaidi ya mara mbili. Na mzigo ukiongezeka, nayo huongezeka. Mtu atumiaye fedha zote kwa injini, akaacha breki, springi na matairi ya zamani, amejenga nusu ya gari. Tena abiria wale juu ya magunia hawana cha kushika. Pikapu ya mizigo si basi. Amri ya tano, usiue, haikuandikwa kwa wenye panga na bunduki peke yao.

Madereva wazee wana sheria yao nzuri: gia unayopandia kilima ndiyo utakayoshukia. Ishikeni, vijana.

Nchi ya Karagwe yajua chuma tangu kale. Mwaka 1861 Speke na Grant walipokelewa na Mukama Rumanyika, na katika hazina ya ufalme ule walihifadhiwa ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, kazi ya kustaajabisha hata leo. Wafua chuma wale walijua kwamba chuma kina kipimo chake cha moto; ukizidisha, kazi yako yote imeharibika. Injini ni chuma kile kile.

Bwana wetu alitusimulia habari ya mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama asije akachekwa. Basi, baba mwenye pikapu, kabla ya kwenda kwa fundi keti na mama watoto, shikeni karatasi na kalamu. Andikeni uzito wa mzigo, kimo cha kilima, gharama ya injini, na gharama ya breki. Pengine mtaona kwamba safari mbili za tani moja moja zapita safari moja ya tani mbili, na kwamba dakika moja zaidi kilimani ni bei ndogo kwa baba kurudi nyumbani salama.