Nani Hakufika Barazani? Maendeleo, Haki na Amani Katika Nchi ya Gusii (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 yalivyowashtua wafadhili wa maendeleo. Nchi ile walikuwa wameisifu kwa miaka mingi, kumbe misaada yao ilikuwa ikipitia mikononi mwa dola lililowabagua raia wake. Mwaka 1999 Mary Anderson, mtaalamu wa Kimarekani, alichapisha kitabu kilichowataka watoa misaada wahakikishe kwanza kwamba hawaleti madhara. Tangu hapo ni nadra kukuta andiko la mradi lisilotaja ushirikishi, haki za binadamu na amani. Leo tuteremke hadi kijijini tuone maneno hayo yanavyofanya kazi.

Birongo ni wadi ya eneobunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti hii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Baba amewagawia wana, wana nao wakagawa tena, hata familia nyingi zimebaki na kipande kisichofika ekari moja: migomba huku, majani chai kule. Mahali kama hapa hakuna mradi usiogusa ardhi. Bomba la maji lazima lipite kwa mtu. Ng'ombe wa gredi anataka nyasi za nepia, na mwenye pa kuzipanda ndiye atakayemfuga.

Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kilimo uliojulikana kwa wakulima kama NARIGP. Ulifika katika kaunti 21, Kisii na Nyamira zikiwamo. Kwenye karatasi, mradi huu ulipangwa vizuri kuliko mingi iliyoutangulia. Wakulima walijiunga katika vikundi, wakachagua wenyewe kama watafuga kuku au watapanda migomba, na maombi yao yakapitia kwa kamati za wananchi katika wadi. Palikuwa pia na nafasi maalumu kwa vikundi vya wanyonge: wajane, wazee, watu wenye ulemavu, vijana wasio na kazi. Kwa Mgusii haya hayakuwa mageni. Risaga, majirani kulimiana mashamba kwa zamu, ilikuwapo kabla ya mkoloni.

Tena ushirikishi huu si hisani ya mfadhili. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataja ushiriki wa wananchi, usawa, haki za binadamu na ulinzi wa waliotengwa miongoni mwa maadili ya taifa. Afisa anayeendesha mradi bila kuwasikiliza watu anavunja sheria ya nchi yake, hata kama mfadhili hajali.

Ugumu uko katika chombo tunachokitumia kusikiliza, nacho ni baraza. Chifu anatangaza mkutano saa nne asubuhi. Saa hiyo wanawake wengi wako kwenye majani chai, kapu mgongoni, maana majani hayangoji. Mama anachuma, anabeba hadi kituo cha kununulia, karani anapima na kuandika kilo katika namba ya mkulima. Mara nyingi namba hiyo ni ya mume, akaunti ni ya mume, na bonasi ikija inaingia huko huko. Mradi ukidai mwombaji aonyeshe hati ya shamba, mama huyu amekwisha kutolewa nje kabla ya mtu yeyote kumkataa. Kenya Land Alliance ilipochunguza hati zilizotolewa kati ya 2013 na 2017, iliona kwamba wanawake walipata takriban asilimia 10 tu, na wanaume zaidi ya 86. Hakuna aliyesimama barazani kusema wanawake wasishirikishwe. Fomu ilitosha.

Kuna jambo zito zaidi, na wataalamu wengi hulipita haraka. Miradi hupenda kuwaachia wanakijiji wawataje maskini wao hadharani, kwa hoja kwamba jirani anamjua jirani. Ni kweli anamjua. Lakini Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti hii hii, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa kuchomwa moto wakidaiwa kuwa wachawi. Waliozoea kuyafuatilia mauaji ya namna hii Gusii wanajua kwamba mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba linalomezewa mate. Sasa fikiri juu ya mjane mzee anayenong'onwa kijijini. Nani atainua mkono kulitaja jina lake apewe kuku? Naye, je, atathubutu kuja kuketi katikati ya watu wanaomnong'ona? Uteuzi wa hadharani, tunaousifu kuwa ndio uwazi wenyewe, unaweza kumwacha nje yule hasa ambaye mradi ulitungwa kwa ajili yake, na afisa akarudi mjini na daftari la mahudhurio lililojaa sahihi.

Kwa hiyo nasisitiza: ubora wa ushirikishi upimwe kwa wasiokuja. Mhudumu wa afya wa kijijini, anayeingia nyumba hadi nyumba, anajua nani hatoki kwa ulemavu na nani ameacha kusalimiwa. Mkutano wa wanawake uitwe baada ya kupima majani, wazee wafuatwe kwao, na malalamiko yaweze kutolewa bila kupitia kwa mtu yule yule anayelalamikiwa. Haya yanagharimu siku na nauli, na nauli hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuhusu amani, tuondoke Birongo twende mashariki, tupite Keroka hadi Chepilat, soko lililokaa juu ya mpaka wa Borabu na Sotik. Lilichomwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na Wagusii na Wakipsigis waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi wakakimbiana. Tangu 2013 mpaka huo unatenganisha pia serikali mbili za kaunti, Nyamira na Bomet. Nyamira iliwekwa katika NARIGP. Bomet ikawekwa katika mradi mwingine wa kilimo wa benki hiyo hiyo, wa kukabili mabadiliko ya tabianchi. Wanasoko wa mahali pamoja wakawa chini ya programu mbili, kila moja na kamati zake. Kugawana kaunti kwa namna hii kunarahisisha hesabu jijini Nairobi. Mpakani, hata hivyo, jirani huona tu kwamba mwenzake amepata kitu ambacho yeye hakupata. Kamati moja ya pamoja ya soko, yenye wajumbe wa pande zote mbili na fungu lake la fedha, ingefanya kazi ya amani kuliko semina nyingi za hotelini.

Wiki ijayo tutazungumzia haki ya kulalamika, kupitia kisa cha Wasengwer wa msitu wa Embobut, ambao Januari 2013 waliishtaki Benki ya Dunia mbele ya jopo lake lenyewe la ukaguzi.