Bolti ndogo haitaki spana ya lori

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

MFANYABIASHARA anayepeleka vipuri vya pikipiki, jenereta au pampu za maji Burundi anaijua lawama hii: mteja anarudi dukani na injini inayovuja, anadai gasketi aliyouziwa ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Wakati mwingine gasketi haina kosa lolote, kosa liko kwenye mkono ulioifunga. Kwa muuzaji matokeo ni yale yale: ama arudishe fedha, ama apoteze mteja.

Chombo kinachoweza kumaliza ubishi huo ni spana ya toki, yaani spana inayoonesha au kuashiria kwamba bolti imefikia kiwango chake cha kukazwa. Katika Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura lenye maghala na gereji zake, muulize muuzaji kwa jina la Kifaransa, clé dynamométrique, atakuelewa. Tatizo ni kwamba palipo na malori, spana ya toki inayotafutwa kwanza ni ile kubwa ya nati za magurudumu. Hiyo haifai kwa injini ndogo.

Kwa nini kubwa haifai

Nguvu ya kukaza hupimwa kwa nyutoni mita, kwa kifupi Nm. Bolti yenye uzi wa milimita 6, ambayo mafundi huiita ya namba 10 kwa sababu ya spana yake, kwa kawaida huhitaji Nm 10 hivi. Ukishika spana yenye urefu wa sentimita 20, hiyo ni sawa na kuvuta kwa uzito wa kilo 5 tu. Mtu mzima anavuta kilo 20 bila kujikamua, na hapo bolti imepata karibu Nm 40, mara nne ya haki yake. Kama imeingia kwenye aluminiamu, nyuzi hung'oka au bolti hukatikia ndani.

Sasa tazama spana kubwa ya nusu inchi. Nyingi huanzia Nm 28 au 40 na kufika 200 au 210. Haina hata alama ya 10. Zaidi ya hapo, kiwango cha kimataifa cha spana hizi, ISO 6789, huzipima kuanzia asilimia 20 ya uwezo wake wa juu. Kwa spana ya Nm 200, chini ya 40 hakuna anayekudhamini.

Chukua mfano wa Honda GX160, injini inayojulikana sana kwenye jenereta na pampu za maji. Bolti za konrodi hukazwa kwa Nm 12, za silinda hedi Nm 24, na nati ya gurudumu la sumaku Nm 75. Injini moja, viwango vitatu, na hakuna spana moja ya kawaida inayovimudu vyote vizuri.

Nini cha kubeba

Kwa duka la vipuri vya injini ndogo, jozi ya spana mbili inatosha. Ya kwanza ni ya robo inchi, ya Nm 5 hadi 25, kwa bolti za uzi wa milimita 5, 6 na 8. Ya pili ni ya inchi 3/8, ya Nm 20 hadi 100 au 110, kwa nati kubwa zaidi. Ukiwa na mtaji wa moja tu, anza na ndogo, maana bolti ndogo ndizo huharibika kwanza.

Angalia pia vipimo vilivyochorwa kwenye mpini. Spana nyingi zina alama za Nm upande mmoja na futi-pauni upande wa pili. Fundi akisoma 24 upande wa futi-pauni, ameweka karibu Nm 32.5, yaani zaidi ya theluthi moja ya ziada. Vitabu vya injini za Kijapani huandika pia kilo-mita. Kilo-mita moja ni Nm 9.8. Andika hesabu hizo kwenye karatasi ndogo uitie ndani ya boksi. Haigharimu kitu, na itapunguza malalamiko.

Kuhusu aina, ile inayotoa mlio wa "tak" ndiyo rahisi kutumia gizani au chini ya mashine. Ya mshale ni ya bei nafuu na haina springi ya kuchoka, ila lazima uione namba wakati unavuta. Ya kielektroniki ni nzuri lakini inadai betri.

Ijaribu kabla hujalipa

Spana nzuri huja na cheti chenye namba, na namba hiyo iwe imechongwa kwenye spana yenyewe. Zikitofautiana, cheti hicho ni karatasi tu. Kiwango cha ISO 6789 huruhusu kosa la asilimia 4 kwa spana ya zaidi ya Nm 10, na asilimia 6 kwa ya Nm 10 au chini.

Hata bila maabara unaweza kutambua iliyo mbovu kabisa. Bana kichwa cha mraba kwenye jiliwa, spana ilale sambamba na ardhi, uiweke Nm 10. Pima sentimita 25 kutoka katikati ya mraba hadi pale mkono unaposhika, kisha ning'iniza hapo dumu la maji ulilolipima kwenye mizani likafika kilo 4. Hiyo ni karibu Nm 10, na uzito wa spana yenyewe huongeza kidogo. Isipolia hata kwa kilo 6, au ikilia kwa kilo 2, irudishe. Jaribio hili halichukui nafasi ya upimaji rasmi, ambao kwa kawaida hufanywa kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000. Maabara za vipimo zipo TBS nchini Tanzania na KEBS nchini Kenya. Kwa Burundi, taasisi ya kuulizia ni BBN.

Mpakani

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo iliingia 2022, hivyo mzigo uliofika Bujumbura unaweza kuendelea hadi Uvira kupitia Gatumba. Lakini usichanganye mambo. Cheti rahisi cha uasilia, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Spana iliyotengenezwa China haiwi ya Jumuiya kwa sababu umeinunua Kariakoo. Iandike chini ya kifungu cha forodha 8204, ambacho hutaja spana za mkono pamoja na za toki, na ubebe ankara ya ununuzi na hati za ushuru uliokwisha kulipwa. Anayefika Kobero bila karatasi hizo hujadiliana akiwa hana cha kuonesha.

Mwambie mnunuzi

Spana ya toki si ya kufungulia bolti zilizoganda. Ikilia mara moja, acha. Kuvuta tena ni kuzidisha. Uzi uliopakwa oili hukazika zaidi kwa namba ile ile, kwa hiyo fuata kitabu kinavyosema, mkavu au wenye oili. Silinda hedi hukazwa kwa mkingamo, kwa awamu: kwa GX160, kwanza 12, kisha 24. Kazi ikiisha, rudisha mpini kwenye namba ya chini kabisa, usiuzungushe kupita hapo, ili springi ipumzike.

Muuzaji anayeyasema haya wakati wa kukabidhi gasketi ana jibu siku mteja akirudi na injini inayovuja: kwanza waulizane bolti zilikazwa kwa namba ngapi.