Mbwa wako anapopiga chafya ghafla

Na Mwandishi Wetu

MBWA ameamka mzima, akazurura shambani, na mara anarudi nyumbani mbio akipiga chafya mfululizo. Anasugua uso ardhini na kujikuna pua kwa mguu wa mbele. Watoto wanacheka. Baba anasema ni baridi tu, itapita.

Huenda ikapita kweli. Chafya moja mbili mbwa anapocheza, au anapokumbana na vumbi na moshi wa jiko, si ugonjwa. Lakini zisipokoma, afadhali kuchunguza, kwani katika sehemu kama Machakos vyanzo vyake ni vingi.

Nyasi, nyuki na nyoka

Machakos inasifika kwa matuta ya fanya juu, ambayo kingo zake hupandwa nyasi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mvua zinapokwisha, nyasi na magugu kama kishonanguo hukauka na kutoa mbegu zenye ncha kali. Mbegu ikiingia puani haitoki kwa urahisi, na kila mbwa anapovuta pumzi inazidi kupenya. Hapo atapiga chafya bila kukoma, atikise kichwa, na pengine damu au kamasi zimtoke katika tundu moja la pua. Usiichokoe kwa kijiti. Daktari wa mifugo humlaza mbwa kwa dawa na kuitoa kwa koleo.

Ukambani pia ni nchi ya mizinga ya nyuki. Mbwa mchanga anayekimbiza nyuki hudungwa puani au mdomoni, na uso ukavimba kwa dakika chache. Mwondoe mwiba, umkande kwa maji baridi. Akihema kwa shida, au akiwa ameshambuliwa na nyuki wengi, mpeleke kwa daktari mara moja.

Hatari zaidi ni swila anayetema sumu, ambaye hulenga macho. Osha macho ya mbwa kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha mtafute daktari. Ukikawia, anaweza kupofuka. Na kwa vyovyote vile, usimpe mbwa tembe za maumivu za binadamu. Baadhi yake ni sumu kwake.

Usitie mkono mdomoni

Kuna kosa moja ambalo limewaponza wengi. Mbwa anajikuna mdomo, taya limelegea, mate yanatiririka na hawezi kumeza. Mwenyewe anadhani ni mfupa uliokwama kooni, anatia mkono kuutoa. Kumbe ni kichaa cha mbwa, na virusi vyake vimo kwenye mate hayo. Mbwa wa aina hii huenda asiwe mkali hata kidogo. Mfungie mahali peke yake bila kumgusa, uiarifu ofisi ya mifugo.

Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kudungwa chanjo. Asingoje kuona kama ataugua. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona.

Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi uliofanywa Machakos miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mbwa wengi huko walizurura ovyo na hawakuwa wamechanjwa. Baadaye Machakos ikawa miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kuanza mpango wa taifa wa 2014 unaolenga kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030. Mpango huo unategemea kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100.

Kwa hivyo, msomaji, kabla ya kuondoka shambani jioni, kagua pua, masikio na vidole vya mbwa wako. Na ukifika nyumbani, itafute kadi yake ya chanjo. Kama haipo, unajua la kufanya kesho.